Kaka yake Bibi



Mwaka jana, siku chache kabla ya Memorial Day, nilitoka zamu ya usiku, na badala ya kurudi kulala Silver Spring nikapanda treni hadi makaburi ya Arlington. Wamezikwa pale watu zaidi ya 400,000, na siku zile askari huchomeka bendera ndogo mbele ya kila kaburi. Nikampigia Bibi simu ya video, Tanga, naye aone. Alitazama kimya, kisha akasema: "Na kaka yangu je, nani kamkumbuka?"

Kaka yake aliingia jeshini wakati wa vita vya pili vya dunia, Bibi akiwa na miaka minane. Alijua kupiga mluzi, alimbeba Bibi mabegani kwenda chuoni, na aliahidi kumletea kanga. Hakurudi. Mama yao alikataa asisomewe hitima. Alisema mwanawe yuko safarini. Akafa na neno hilo.

Jumapili tatu nilikaa na Bibi kwenye simu nikiandika, kama ninavyochukua historia ya mgonjwa: jina lake, la baba, la babu, kijiji. Akakumbuka mambo mawili yaliyosemwa na watu wazima: "jeshi la mizinga" na "meli ilizama". Hayo ndiyo yaliyonifikisha.

Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Ceylon, Sri Lanka ya leo, imebeba kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliipiga, ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwemo wauguzi. Nilisoma hapo mara mbili. Nao walivuka bahari kwa kazi hii yangu.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha mtandaoni, bure. Nilimkosa mara ya kwanza kwa sababu karani aliruka herufi katika jina la baba yake. Namba yake ya jeshi ipo, na jina lake liko kwenye mnara katika makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Umri haukuandikwa. Bibi anasema hakufika miaka 20.

Nilipomweleza, aliuliza swali moja: "Ilizama usiku au mchana?" Mchana, Bibi. "Alhamdulillahi," akasema. "Alikuwa mwoga wa giza." Ijumaa iliyofuata nilituma pesa ya mchele, wakamsomea hitima.

Ndugu zangu, kama kuna jina kama hili kwenu, waulizeni wazee sasa. Bibi ana miaka 90, na habari za mluzi na giza hazimo katika orodha yoyote. Tafuteni jina kwa tahajia zote: Mohamed, Mohamedi, Mahomed. Kama mzee wenu alikwenda vita vya kwanza, askari au mpagazi, huenda msimkute. Maelfu hawakuandikwa kwa majina, na mwaka 2021 Tume hiyo iliomba radhi. Huyo mwandikeni ninyi wenyewe, kwenye daftari la nyumbani, watoto walisome.

Tuonane mwezi ujao, inshallah.