Tusiwanunulie Wazee Dawa kwa Kukisia

Msomaji, hebu fikiri. Babako aliye Ganda au Takaungu analalamika kwamba mkojo unamchoma. Wewe uko mjini, una shughuli, na foleni ya hospitali waijua. Unaingia duka la dawa, unataja Cipro au Septrin, unalipa, unampa utingo wa matatu amfikishie mzee. Unarudi kazini ukiwa na hakika umemtendea wema mzazi. Kumbe huenda umemtia hatarini.

Yafaa ieleweke kwamba mwili wa mzee si wa kijana. Figo zake huchuja polepole, kwa hivyo dawa nyingi hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Tena mara nyingi mzee huyo tayari anameza tembe za presha au kisukari, na dawa hugongana.

Septrin ikikutana na tembe za presha zilizoandikwa enalapril au losartan, yaweza kuzidisha madini ya potasiamu katika damu hadi moyo ukasimama ghafla. Cipro nayo yaweza kushusha sukari ya anayetumia dawa za kisukari hadi akazirai. Yaweza pia kukata kano ya kisigino, hasa kwa waliopita miaka 60 au wanaomeza tembe za steroidi. Kwa sababu ya kano hizo, Marekani iliagiza mwaka wa 2008 dawa za jamii ya Cipro ziandikwe onyo kali.

Sisemi zitupwe, zimeokoa wengi. Ninalopinga ni kuziuza kama peremende. Sheria yataka cheti cha daktari. Muuzaji asiyeuliza umri wa mgonjwa wala dawa anazomeza anafanya biashara tu, hatibu.

Hata hivyo, lawama si yake peke yake. Sisi watoto ndio tunaotaka njia ya mkato. Mpeleke mzee kituo cha afya, na ubebe pakiti zote za dawa zake. Akiota malengelenge, akivimba uso, akishindwa kupumua au kisigino kikimuuma, aache dawa hiyo na akimbizwe hospitalini. Huko, omba fomu ya manjano ya Bodi ya Dawa na Sumu ijazwe. Madhara yasiporipotiwa, mzee wa jirani atauziwa dawa ile ile kesho.

Foleni ya saa tatu ni afadhali kuliko matanga.