Mto Kitengela ulindwe ungali na uhai

Sera ya kulinda mito, yaani mpango wa serikali unaoamua nani awajibike, kwa kipimo gani na kwa gharama ya nani, inahitajika katika Kaunti ya Kajiado kabla Mto Kitengela haujafikia hali ya uchafuzi ya Mto Nairobi, kwa kuwa kuulinda mto ni nafuu mno kuliko kuufufua.

Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilikataza kilimo na ujenzi katika ukanda wa kingo, ambao ni ardhi inayopakana na mto kwa upana wa kati ya mita 6 na 30 kutoka pale mafuriko makubwa kabisa yalipowahi kufika. Lakini ukanda usiowekewa vigingi hauonekani na mnunuzi wa ploti.

Zito zaidi ni suala la majitaka. Mji wa Kitengela umekua kwa kasi kuliko mabomba yake, na nyumba nyingi hutegemea mashimo yanayonyonywa na malori, ambayo yanaweza kuyamwaga majitaka hayo mtoni. Hivyo kaunti, ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeikabidhi huduma za maji na usafi, haina budi kulidai kila lori hati ya mahali lilipomwaga shehena yake, na kulifutia leseni lisiloweza kuionyesha. Uzembe katika jambo hili ni dhuluma, maana Mto Kitengela huingia Mto Athi, ambao mbele huitwa Galana na kisha Sabaki, na watu na mifugo huutegemea hadi unapomwagika baharini karibu na Malindi.

Msomaji,
Kitengela