PWANI NI YETU, NJIA NI YA NANI?

Ndugu wananchi wa Mombasa, twawauliza jambo moja. Mtu akikupa nyumba, kisha akafunga mlango na ufunguo akautia mfukoni mwake, amekupa nini?

Hivyo ndivyo tulivyopewa pwani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, yasema wazi kwamba ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni mali ya umma. Twaishukuru Katiba. Lakini tokeni Nyali mwende kwa barabara mpaka Shanzu, mkitazama upande wa kulia: ukuta, lango, ukuta, na kibao cha mbwa mkali. Bahari mwaisikia tu.

Jumapili moja sisi wenyewe tulishika njia ambayo wazee wa mtaa waijua tangu utotoni kuwa yashukia dikoni kwa wavuvi. Tukakuta lango. Askari, kijana wa rika la watoto wetu, akatuamkia vizuri: "Shikamooni wazee. Mwaenda kwa nani?" Tukamjibu, twaenda pwani. "Nisameheni wazee wangu, hapa hapapiti mtu bila ruhusa ya ofisi." Hatuna ugomvi na kijana yule, anatafuta ugali wa wanawe. Ugomvi wetu ni na yule aliyechukua njia ya watu akaifanya ua wake.

Na liko la kuchekesha, lau lisingeuma. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa kutwa. Siku za bamvua maji hupanda yakapiga kuta. Basi saa hizo haki ya umma iko chini ya maji! Mwenye ukuta amekaa pakavu, na mwananchi ameachiwa haki ya kuogelea.

Wenye kuta wana jawabu lao: wageni husumbuliwa na wachuuzi, na wezi huja kwa njia hizo. Hatukatai kwamba hoteli zaajiri watoto wetu. Lakini mwizi hukamatwa na polisi. Hakamatwi kwa kumfungia njia mvuvi na kapu lake, wala mama aliyewachukua wanawe kuoga maji ya chumvi. Na mgeni aliyetoka kwao kuja kuiona Mombasa, ataiona wapi ikiwa watu wa Mombasa wamefungiwa nje?

Wengine hutuambia, mnayo bustani ya Mama Ngina. Kweli tunayo, na twajivunia. Tangu ilipotengenezwa upya ikafanyiwa sherehe ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2019, watu wa Likoni, Changamwe na Kisauni hukaa pale jioni penye mibuyu, wakila mihogo na kunywa madafu, wakitazama meli zikiingia Kilindini, wala hakuna anayeulizwa anakwenda kwa nani. Lakini pale ni majabali, mahali pa kupunga upepo. Kwa kuoga tumebakishiwa zaidi ufuo wa Jomo Kenyatta, huo uitwao Pirates, na siku za Idi na mwaka mpya watu hujaa pale hata mchanga hauonekani. Je, ni kwa kuwa twapenda kubanana?

Hili si jambo la kungojea tume nyingine. Tume ya Ndung'u ilikwisha kueleza mwaka 2004 jinsi ardhi za umma, hata zilizowekwa akiba kwa barabara, zilivyogawiwa watu kinyume cha sheria. Twataka Tume ya Taifa ya Ardhi na Serikali ya Kaunti watoe ramani za zamani, waonyeshe kila njia ya kwendea pwani, na palipojengwa ukuta juu ya njia uvunjwe kwa gharama ya aliyeujenga.

Na nyinyi wanachama, msikae majumbani. Jumapili nendeni na jamaa zenu, mchukue mikeka. Msimtukane mtu, msirushe jiwe. Mkizuiwa, andikeni mahali, siku na saa, mlete kwenye tawi. Tutaichapa orodha hapa hapa.