Kondoo Mwenye Macho Mabovu: Suali la Udh-hiya Linaloulizwa Kwa Kuchelewa



Kila inapokaribia Idi ya kuchinja, vyombo huteremsha mbuzi na kondoo kutoka bara, nao huchanganywa na wa kwetu mabandani na kwenye viwanja vya kuuzia. Hapo ndipo linapokuja suali: mnyama anatokwa na machozi na jicho limeingia weupe, je, anafaa kwa udh-hiya? Kwa maoni yetu, suali hilo huja limechelewa. Lilipaswa kuulizwa zaidi ya mwezi kabla, na wa kwanza kuulizwa ni daktari wa mifugo.

Maradhi haya yanaambukiza. Kwa mbuzi na kondoo, mara nyingi husababishwa na vijidudu aina ya mycoplasma au klamidia. Hupita kwa machozi, kwa nzi, na kwa wanyama kugusana vichwa kwenye chombo kimoja cha chakula. Vumbi na msongamano wa safari huzidisha. Mnyama hufumba jicho na kukimbia jua, kisha jicho huwa jekundu na kuingia ukungu. Wengi hupona kwa wiki mbili au tatu, lakini wengine hupata kidonda cha jicho na kupofuka.

Anayeugua atengwe siku hiyo hiyo, awekwe kivulini, na maji na majani yawe karibu naye, kwani asiyeona hafiki malishoni. Daktari huweza kutoa oksitetrasaiklini, ya tyubu au ya sindano. Penisilini haiui mycoplasma, na dawa ya macho yenye steroidi huweza kuliharibu zaidi jicho lenye kidonda. Kutia chumvi, sukari au tumbaku jichoni ni kumtesa kiumbe asiyeweza kusema. Wazima wahudumiwe kwanza, wagonjwa mwisho, na mikono ioshwe. Wanyama wageni wakae mbali na wenyeji kwa wiki mbili angalau.

Dawa pia ina muda wake wa kutoka mwilini kabla nyama haijaliwa, na muda huo huandikwa kwenye chupa. Kwa baadhi ya sindano ni wiki kadhaa. Kwa hiyo, anayemdunga mnyama wiki ya Idi ili aonekane mzima sokoni, anawalisha watu dawa.

Ama kisharia, Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ametaja aina nne za wanyama wasiofaa kwa udh-hiya: chongo aliye dhahiri, mgonjwa aliye dhahiri, kiguru aliye dhahiri na aliyekonda asiye na uboho. Kwa mafaqihi wa Kishafi, weupe ulioondoa nuru ya jicho humtoa mnyama. Aliyepona na kubaki na doa dogo huku akiona, anatosha. Mwenye shaka juu ya mnyama wake amwoneshe sheikh na daktari, asimkisie.

Mtume pia amekataza mwenye mifugo wagonjwa kuwaleta kwa mwenye mifugo wazima, na amemkemea vikali muuzaji aliyeficha chakula kilicholowa chini ya kikavu. Kumpangusa kondoo machozi asubuhi ya soko na kunyamaza ni ghushi ya namna ile ile. Mnunuzi ni baba aliyejikusanyia kidogo kidogo mwaka mzima. Akifika nyumbani akaambiwa mnyama hafai, hana pesa nyingine.

Kwa hiyo tunawanasihi wafugaji: kagueni macho ya wanyama wenu tangu Shawwal, tibuni mapema, na mkiuza, semeni aibu ya mnyama hata kama bei itashuka. Wanunuzi nao wamtoe mnyama kwenye mwanga, wamtazame macho yote mawili, na waulize amepewa dawa gani na lini.

Tunamwomba Allah atutakabalie ibada zetu na atie baraka katika mifugo yetu.

Wallahu a'lam.