Fedha na Mizani: Mwanamke Alipwe kwa Lipi?

Katika kliniki nyingi za kisukari na shinikizo la juu la damu, mizani huwekwa karibu na mlango. Mwanamke huvua viatu, huweka mkoba chini na kupanda, na mhudumu huitamka namba kwa sauti inayofika hadi kwenye benchi la wanaosubiri. Kisha huelezwa apunguze wanga, mafuta na sukari, atembee kila siku, na arudi baada ya miezi mitatu. Akirudi, mara nyingi namba ni ileile na ushauri ni uleule. Hali hiyo imezaa swali ambalo baadhi ya nchi zimekwisha kulifanyia utafiti: je, mwanamke huyu akipewa motisha ya fedha, atapungua?

Jibu fupi ni ndiyo, kwa kiasi fulani na kwa muda fulani. Swali lililo zito zaidi ni kwamba alipwe kwa lipi. Motisha ya fedha inastahili nafasi katika tiba ya unene uliokithiri, mradi ilipie mambo yaliyo ndani ya uwezo wa mgonjwa, na isifungwe kwenye kilo.

Tatizo lenyewe si dogo. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa asilimia 33 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 45 miongoni mwa wenye umri wa miaka 20 hadi 49. Nchini Tanzania, utafiti kama huo wa mwaka 2015–16 ulionyesha asilimia 28. Nyuma ya namba hizo kuna kisukari, kiharusi, maumivu ya magoti, ugumba na saratani ya mji wa mimba. Habari njema ni kwamba mgonjwa halazimiki kuwa mwembamba ndipo apate nafuu. Kupungua asilimia 5 tu ya uzito, yaani kilo nne na nusu kwa mwanamke wa kilo 90, huweza kushusha shinikizo la damu na sukari.

Ushahidi ulio karibu zaidi na swali hili umetoka Marekani. Katika utafiti uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2022, watu 668 wenye unene uliokithiri kutoka mitaa ya watu wa kipato cha chini katika miji ya New York na Los Angeles, wanne katika kila watano wakiwa wanawake, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Wote walipewa uanachama katika mpango wa kupunguza uzito, mizani ya nyumbani, kifaa cha kupima mwendo na elimu ya afya. Kundi la kwanza halikupewa fedha. La pili lililipwa kwa kutimiza hatua, kama vile kushiriki katika mpango, kufuatilia mlo na uzito, na kufanya mazoezi. La tatu lililipwa kwa uzito uliopungua. Baada ya miezi sita, waliopungua angalau asilimia 5 walikuwa asilimia 22 katika kundi la kwanza, 39 katika la pili, na 49 katika la tatu.

Atakayesoma namba hizo haraka atasema kilo zilipwe, kwa kuwa kundi la tatu ndilo lililofaulu zaidi. Hoja hiyo ina uzito, lakini daktari anayemfahamu mgonjwa wake ataona mambo mawili ambayo asilimia hizo hazisemi.

La kwanza ni kwamba kilo haziko mikononi mwa mgonjwa peke yake. Mwili unaopungua hujitetea: homoni za njaa huongezeka, na nishati inayotumika hupungua. Insulini, sindano ya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za sonona huweza kuongeza uzito. Wanawake wawili waweza kutembea njia moja na kula chakula kimoja, mmoja akapungua na mwenzake asipungue. Kumlipa wa kwanza na kumnyima wa pili ni kutoa tuzo kwa maumbile, huku aliyejitahidi akirudi nyumbani na aibu badala ya fedha.

La pili ni hatari. Fedha zikisubiri kwenye mizani, siku chache kabla ya kupimwa zitakuwa siku za kushinda na njaa, kunywa dawa za kuharisha, au kutumia vidonge vya kupunguza maji mwilini bila ushauri. Kwa mgonjwa wa kisukari kuna mtego mbaya zaidi. Anayeacha insulini hupungua uzito upesi, kwa sababu sukari inapotea kwenye mkojo na mwili unaanza kujila. Mizani itampongeza mwanamke huyo juma hilohilo ambalo ana hatari ya kulazwa akiwa hajitambui.

Kulipia hatua si wazo geni katika eneo hili. Mkoani Shinyanga, Tanzania, watu wazima 530 walioanza dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Baadhi walipewa shilingi 10,000 au 22,500 kila mwezi kwa sharti la kuhudhuria kliniki. Baada ya miezi sita, waliokuwa kwenye tiba huku virusi vikiwa vimefubaa walikuwa asilimia 73 miongoni mwa wasiolipwa, 83 miongoni mwa waliopata kiasi kidogo, na 86 miongoni mwa waliopata kiasi kikubwa. Malipo yalifuata mahudhurio, si kipimo cha damu. Hata hivyo damu nayo ilibadilika. Ni kweli kwamba kumeza kidonge si sawa na kubadili chungu cha familia nzima, na faida ya aina hiyo haiwezi kuahidiwa kwa unene. Funzo lililopo ni kwamba kiasi kidogo, kinacholipwa kwa jambo ambalo mgonjwa anaweza kulitimiza, hakidharauliki.

Wapo wanaosema kuwa kumlipa mtu ili ajitunze ni kumhonga. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na hakuna aliyeita tuzo hiyo hongo. Zaidi ya hayo, kujitunza kuna gharama. Mama ntilie anayewasha jiko alfajiri na kufunga usiku hana saa ya kutembea isipokuwa aache kuuza. Nauli ya kliniki hutoka kwenye mtaji wake. Malipo yanapofidia muda na nauli, humwondolea kizuizi cha kweli.

Kuna faida nyingine ambayo ni rahisi kuisahau. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, kunenepa bado ni dalili ya kutunzwa vizuri, na kukonda huzua minong'ono ya maradhi au ya ndoa isiyo na amani. Mwanamke anayepunguza wali kwenye sahani yake huulizwa kulikoni. Akiwa katika mpango unaojulikana, wenye kadi na malipo, anapata jibu la heshima la kuwapa mume, mawifi na majirani.

Udhaifu wa fedha ni kwamba huisha. Mwaka 2008, jaribio dogo la watu 57 huko Philadelphia, karibu wote wanaume, lilionyesha kuwa waliolipwa walipungua zaidi katika majuma 16. Kufikia mwezi wa saba tofauti ilikuwa imefifia. Katika kundi moja, washiriki waliweka fedha zao wenyewe na kuzipoteza wasipofikia lengo. Mtindo huo usiletwe kwa mwanamke ambaye fedha hizo ni ada ya mtoto. Unene uliokithiri ni ugonjwa wa muda mrefu. Kwa hiyo malipo yapungue polepole, na nafasi yake ichukuliwe na vikundi vya wanawake, kama vile vikoba, ambavyo vinaendelea kukutana baada ya mradi kufungwa.

Mhudumu atakayeendesha mpango wa namna hii aanze kwa kuihamishia mizani faraghani. Wajawazito wasiingizwe, wala wenye historia ya kujinyima chakula kupita kiasi. Kila mwenye kisukari aelezwe wazi kwamba dawa haiachwi kwa ajili ya kilo. Naye mgonjwa, kabla ya kujiandikisha, aulize analipwa kwa lipi na malipo yatakoma lini.

Mpango mzuri utatambulika kwa mwanamke ambaye mwezi huu hakupungua hata kilo moja, na mwezi ujao amerudi kliniki.