Mwalimu Mgeni na Karatasi Yake

Tangu shule za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zilipoanza kuenea nchini katika miaka ya 1990, walimu kutoka Kenya na Uganda wamekuwa sehemu ya maisha yetu. Wazazi huwasifu kwa hesabu na kwa Kiingereza, na huuza mboga na matunda ya milima hii ili walipe karo ya shule wanakofundisha. Ila ni wachache miongoni mwetu waliowahi kuuliza mwalimu huyo ameajiriwa kwa mkataba gani, na ni jambo gani litakalompata siku atakapokosana na mwajiri wake.

Milima ya Usambara ina kumbukumbu ndefu juu ya watu wa kazi na karatasi zao. Mwaka 1892, mwaka mmoja tu baada ya Papa Leo XIII kutoa waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi, kampuni ya Wajerumani ilileta mamia ya Wachina na Wajava kutoka Singapore kwa mikataba ya kazi ya mashamba. Jaribio hilo halikudumu. Mnamo 1907, Lushoto ilipokuwa ikiitwa Wilhelmstal, babu zetu wenyewe walipewa kadi: kila mwanamume mzima alipaswa kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi 4. Kibali cha leo hakitolewi kwa kiboko, wala anayekipokea hakushurutishwa kuja. Tusifananishe visivyofanana. Lakini jambo moja limebaki vilevile, nalo ni kwamba karatasi huamua mtu amtumikie nani.

Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri ndiye amwombee mgeni kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, na Idara ya Uhamiaji hutoa kibali cha ukaazi. Sheria hiyo iliweka muda wa kibali cha kazi kuwa miezi 24, kikiweza kuongezwa. Kibali hutaja kazi na mwajiri. Ajira ikikoma, msingi wa kukaa kwake nchini nao huondoka. Mwalimu wa Kitanzania asiyeridhika na mshahara wa shule moja huweza kuaga na kwenda kuomba nafasi kwingine. Mwenzake wa Kisumu au wa Jinja hana mlango huo, isipokuwa aanze upya na mwajiri mwingine aliye tayari kugharimia kibali kingine.

Hapo ndipo ilipo kiini cha taabu. Fikirini mwalimu wa fizikia katika shule ya bweni. Anafundisha mchana, anasimamia masomo ya usiku, analala jirani na bweni ili awaangalie watoto, na Jumamosi anaitwa tena. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka mwisho wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na inataka saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Sheria hiyo hiyo inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya utaifa. Kwa maandishi, basi, mwalimu huyu analindwa sawasawa na wengine. Kwa matendo, mtu anayejua kwamba mwajiri wake ndiye anayeshika kibali chake, na pengine pasipoti yake pia, iliyofungiwa kabatini eti kwa usalama, hatauliza habari za saa za ziada. Atanyamaza mshahara ukichelewa miezi miwili. Atanyamaza akikatwa gharama ya kibali ambacho mwajiri mwenyewe ndiye aliyekihitaji.

Wapo wasemao kwamba wageni hawa wanachukua nafasi za vijana wetu, kwa hiyo kuwatetea ni kuwasaliti watoto wa nyumbani. Hofu hiyo si ya kudharauliwa; vijana wengi waliohitimu ualimu hawana ajira. Lakini tuipime vizuri. Anayemnyima kijana wetu nafasi ni mwajiri aliyegundua kwamba mgeni hawezi kulalamika wala kuhama, na kwa hiyo ni nafuu kwake. Mgeni akilipwa sawa na mwenyeji, kwa saa zile zile, faida ya kumpendelea kwa unyonge wake huisha. Methali ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu twaipenda sana. Huyu alilishika siku ya kwanza, na ujira wa jembe hilo ndio unaobishaniwa.

Kanisa haliwezi kusema haya kama mtazamaji, kwa kuwa nalo lina shule na hospitali, na katika bodi zake wamo walei wanaosoma ukurasa huu. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, linadai ujira wa kibarua ulipwe kabla jua halijatua, awe ndugu au mgeni. Basi mjumbe wa bodi aombe kuona orodha ya mishahara. Aulize pasipoti za walimu ziko wapi, na kama kila mmoja anayo nakala ya mkataba wake. Aulize pia habari ya nauli, maana sheria ya 2004 inamtaka mwajiri amrudishe mfanyakazi mahali alipomwajiri mkataba unapokoma, na ampe posho ya kujikimu mpaka hapo atakaposafirishwa. Hili wengi hawalijui.

Kisha kuna suala la muda. Anayeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa watu wa Lushoto hiyo ni safari ya kushuka mlima hadi Mombo na kuendelea mpaka Tanga mjini, kwa mtu ambaye huenda hajalipwa mwezi mzima na ambaye haki yake ya kuwapo nchini inatiliwa shaka. Jumuiya ndogondogo huchangia misiba na harusi. Nauli ya kwenda Tanga, na mtu mmoja wa kumsindikiza, si mzigo mkubwa kuliko hiyo.