Maabara zimejengwa, lakini data bado tunapika

Mwanafunzi wa kidato cha nne yuko kwenye mtihani wa vitendo wa fizikia. Ana uzi, kijiwe na stopwochi. Anahesabu kijiwe kikienda na kurudi mara 20, anapiga hesabu ya mvutano wa dunia, jibu linakuja 10.9. Anajua "linatakiwa" liwe 9.8.

Anafanya nini? Anafuta. Anarudi kwenye jedwali, anaongeza sekunde kidogo hapa na pale, 9.8 inapatikana. Hii inaitwa kupika data, na kama umesoma sekondari Tanzania huhitaji kuelezewa.

Sasa ona kilichofutwa. Huyu mtoto alianza kuhesabu "moja" pale alipoachia kijiwe, badala ya "sifuri". Kwa hiyo alipofika 20, kijiwe kilikuwa kimeenda na kurudi mara 19 tu. Piga hesabu mwenyewe: kosa hilo moja linapandisha 9.8 hadi karibu 10.9. Yaani jibu "baya" lilikuwa linamwambia kitu cha kweli kabisa, na hakuna aliyemuuliza kimetokea nini.

Kwa Singida hili si suala la darasani peke yake. Mgodi wa dhahabu wa Ikungi ulianza uzalishaji 2023. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga linapita mkoani. Viwanda vya kukamua alizeti viko kila upande. Kote huko kazi nzuri ni za watu wanaopima sampuli, wanaosoma mita, wanaogundua kwamba namba ya leo haiendani na ya jana. Mtu aliyezoea kupika data hapo ni hatari.

Tatizo lilianza kama majengo

Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza sekondari za kata ziwe na maabara: ya fizikia, ya kemia na ya bayolojia. Muda wa mwisho ulikuwa Novemba 2014, ukasogezwa hadi Juni 2015. Wazazi walichangishwa na watendaji wa kata walipewa presha. Baadaye ukaja mradi wa SEQUIP, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 ulioidhinishwa 2020, ambao pamoja na mambo mengine ulihusisha kujenga shule za wasichana za sayansi katika mikoa 26 ya Tanzania Bara.

Pesa hizo zilihitajika, tusibeze. Kwa miaka mingi kulikuwa na mtihani mbadala ambapo mtoto anajibu maswali kuhusu jaribio bila kugusa hata pipeti. Ni kama kufanya mtihani wa kuogelea ukiwa umekaa kwenye dawati.

Ila mtaala wa 2005 tayari ulisema ufundishaji ujikite kwenye umahiri, mwanafunzi awe mtendaji. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika kwa awamu Januari 2024, unasema hivyo tena, kwa sauti kubwa zaidi. Kwa karibu miaka 20 maneno yamekuwa sahihi. Kinachoamua mwalimu afanye nini Jumatatu asubuhi ni karatasi ya NECTA, na karatasi hiyo inatabirika: kijiwe na uzi, lenzi, asidi na besi, chumvi ya kutambua, vipimo vya chakula. Mwalimu mwenye akili timamu anachukua pasco na kuwafanyisha watoto mazoezi ya hivyo hivyo. Mimi simlaumu. Anapimwa kwa idadi ya waliofaulu.

Mtoto aliyechekwa

Tanzania ina mfano wake, na dunia inaujua kuliko sisi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Magamba, Lushoto. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Utaratibu ulikuwa uchemshe maziwa, usubiri yapoe, ndipo uweke kwenye friza. Nafasi zilikuwa zinaisha, Mpemba akaweka yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa.

Akamuuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa. Alipouliza tena akiwa Mkwawa, Iringa, na kuendelea kubisha, jibu la mwalimu wa huko likawa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya dunia. Akiwa hapo hapo Mkwawa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza shuleni. Wanafunzi wenzake wakacheka. Osborne aliporudi chuoni akaagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja kwenye jarida la Physics Education.

Wanasayansi bado wanabishana kama jambo lenyewe hutokea kweli. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia ya Uingereza ilitangaza shindano la kulieleza, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Haya yote yalitoka kwenye swali ambalo darasani lilizimwa kwa utani.

Vifaa viko nje ya dirisha

Singida mjini kuna maziwa mawili ya maji chumvi, Singidani na Kindai. Chukua maua ya rozela yaliyokaushwa, loweka kwenye maji ya moto, umepata rangi ya kupimia. Ndimu inaifanya ibaki nyekundu. Maji ya magadi yanaigeuza kuelekea buluu au kijani. Maji ya Singidani je? Ya Kindai? Ya kisima cha shule? Kabla ya kumimina, kila kundi liandike linatarajia nini na kwa nini. Hapo umefundisha asidi na besi bila kusubiri bajeti.

Au alizeti. Funika vichwa kumi kwa vipande vya chandarua kabla havijachanua, acha kumi wazi. Wakati wa kuvuna, hesabu mbegu zilizojaa na zilizo tupu. Swali ni je, nyuki wana kazi gani hapa? Katika mkoa wenye wakulima wa alizeti na wafuga nyuki, ambako mmoja anapopuliza dawa mwingine anapoteza mizinga, hiyo ni bayolojia ambayo hata mzazi atakuja kuiulizia.

Si wazo jipya. Walimu wa kujitolea wa Peace Corps nchini walishaandaa miongozo ya Shika na Mikono, inayoonyesha jinsi bomba la sindano linavyoweza kufanya kazi ya bureti na maji ya betri yakawa asidi (yanaunguza, kwa hiyo mwalimu ayazimue mwenyewe). Na Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa 2011, inawashindanisha wanafunzi wa sekondari kwa miradi yao ya utafiti. Lakini shindano linabeba wachache kwa kila shule. Wale sitini waliobaki wanaendelea kukariri.

Lugha nayo inaua swali. Mtoto wa Mkalama amesoma sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba, akifika kidato cha kwanza kila kitu ni Kiingereza. Kunakili ubaoni anaweza, ila kuuliza "kwa nini hii imekuwa hivi?" mbele ya wenzake kwa Kiingereza ni kujitafutia kuchekwa. Mwalimu anayeruhusu swali kwa Kiswahili, kisha akasaidia kuliandika kwa Kiingereza, anafanya kazi kubwa kuliko seti mpya ya darubini.

Kuna wanaosema kumwachia mtoto agundue mwenyewe ni kupoteza muda. Wana hoja. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika kwamba anayeanza kujifunza huzama akiachwa bila mwongozo. Lakini hakuna aliyesema mwalimu atoke nje. Aeleze dhana, aonyeshe kifaa, kisha jibu asilitoe mapema.

NECTA inaweza kusogeza hili kwa swali moja tu kwenye karatasi ya vitendo: "Eleza kwa nini matokeo yako yanaweza kutofautiana na yanayotarajiwa," likiwa na alama za kutosha kiasi kwamba 10.9 iliyoelezwa vizuri iishinde 9.8 iliyopikwa.

Na muda ni mfupi. Walioanza darasa la tatu 2024 wanamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule wa darasa la saba la mwisho. Januari 2028 makundi yote mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Shule ikikosa vyumba, chumba cha kwanza kuangaliwa kitakuwa kile chenye meza ndefu na masinki.